Wa Nne, Nunua Yako

Mwanamume mzima, ana mvi kwenye panja na shati jeusi alilotoka nalo makaburini, amekaa sakafuni nyuma ya televisheni yangu amepakata ruta. Huyo ndiye mkwe wangu Rifaat. Nilikubali amwoe binti yangu Najwa kwa kuwa niliambiwa ni mtu wa ofisini, mtaratibu, haokoti matusi barabarani. Ni kweli haokoti. Huyatunga mwenyewe akiwa nyumbani, tena kwa raha zake.

"Mama, usinisimamie kichwani," akaniambia. "Nina haraka."

"Haraka ulikuwa nayo siku ile ulipoliandika lile jina," nikamjibu. "Leo una hofu."

Alikuwa anatokwa na jasho, na magharibi ilikuwa inakaribia.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jirani yetu wa juu, Ustadh Wajdi, alifariki alfajiri ya Ijumaa hiyo, akazikwa baada ya swala, na tanga lilikuwa lianze baada ya magharibi. Jengo letu hapa Mansura ni la ngazi nyembamba, nyumba ndogondogo. Kwa hiyo kukiwa na msiba wanaume hukaa chini barabarani kwenye hema, wanawake hukaa kwa mfiwa, na wale wanaozidi hufunguliwa mlango na jirani wa chini yake. Jirani wa chini yake ndio sisi, ghorofa ya tatu.

Asubuhi, Rifaat alipopanda kusaidia kubeba jeneza, mjane wa marehemu alimwita pembeni. Sisi tunamwita Mama Tamim, kwa jina la mwanawe wa pekee. "Rifaat, mwanangu," akamwambia, "nina ombi moja tu. Tamim yuko Kanada, karatasi zake hazijatoka, akitoka kule hawezi kurudi tena. Hakumwosha babake, hakumzika. Tufungulie mtandao wako jioni, aone watu waliokuja, asikie Qur'ani. Simu ya marehemu haina bando, na humu ndani hata zenye bando hazishiki."

"Hilo limekwisha, Mama Tamim," Rifaat akasema, na watu wote waliokuwa pale wakamwombea dua. Alikwenda makaburini na dua zao. Aliporudi, akiwa anavua viatu mlangoni petu, ndipo alipokumbuka mtandao wake unaitwaje.

Unaitwa Wa Nne Nunua Yako.

Wa nne ni wa ghorofa ya nne, na ghorofa ya nne hakuna mwingine ila marehemu na mkewe. Jina sikulitunga mimi, ingawa siku nilipolisikia nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na hilo Mungu analijua. Ilikuwa hivi. Tamim aliposafiri, Rifaat mwenyewe alipanda juu akampa mzee neno la siri la waifai, ili awe anamwona mwanawe usoni. Alifanya jambo la kiungwana, nami nilimsifu. Halafu bando likawa linatuishia kabla ya mwezi kwisha. Mimi tamthilia inakatika pale pale mtu anapotaka kujua nani kamsaliti nani. Yeye mechi inaganda mpira ukiwa umeelekea golini.

"Ni huyu mzee wa juu," Rifaat akasema. "Anatunyonya."

Sasa mtu mwenye akili angepanda ngazi akamwuliza. Yeye alikuja na laptopu ya ofisini, akaingia kwenye mipangilio ya ruta, akambadilishia mzee neno la siri ili asiingie tena. Hapo angeishia. Hapana, moyo haukutulia. Akaubandika mtandao lile jina, ili kila mwenye simu anayepita ngazini alisome. Na wakalisoma. Watoto wa ghorofa ya chini walikuwa wakimwona Ustadh Wajdi anapanda na mkate wake chini ya kwapa, wanasukumana na kunong'ona "nunua yako". Naye anapita tu, anawapa salamu.

Mwezi uliofuata bando likaisha siku zile zile. Na mwezi mwingine tena. Walaji tulikuwa sisi wenyewe, mimi na tamthilia zangu, yeye na mipira yake. Najwa, anayemwita kwa jina la binti yao, akamwambia, "Baba Dalia, basi liondoe hilo jina." Akasema akiliondoa itakuwa kama amekiri mbele ya jengo zima kwamba alimsingizia mzee. Likakaa hapo hapo mwaka mzima, na sisi tukalizoea kama watu wanavyozoea ufa ukutani.

Na leo tanga la mzee, nyumba inajaa watu, kila mmoja ana simu mkononi. Na Mama Tamim ndiye atakayeambiwa, shika hii simu ya mumeo, tafuta mtandao wa jirani yako mwema.

"Izime tu," nikamwambia.

"Nikiizima, Tamim ataona nini?"

"Kuna kitundu pale nyuma. Si wanasema ukikichoma na pini inarudi kama mpya?"

"Inarudi kama mpya, ndiyo. Inasahau jina, inasahau na laini yenyewe. Itabidi niwapigie kampuni, na kampuni leo Ijumaa wamefunga." Akafuta jasho kwa mkono wa shati. "Lazima niingie kwenye ukurasa wake nilibadilishe mwenyewe. Ni dakika moja tu."

Hiyo dakika moja niliisubiri kwa muda mrefu. Laptopu ilikuwa ofisini, kwa hiyo alitumia simu. Anaandika ile anwani ya nambari, anabonyeza, simu inamletea matangazo ya ruta zinazouzwa. Anafuta, anaandika tena pole pole, anatamka kila nambari kama anasoma hirizi. Ruta za kuuza tena, safari hii na bei zake.

"Labda inakushauri ununue yako," nikamwambia.

Aliniangalia kwa macho ya mtu aliyepigwa, nikajuta kidogo. Si sana.

Najwa alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa anapika wali na kuku wa kupandisha juu, maana nyumba yenye msiba haiwashi moto. Akainama begani kwa mumewe. "Uko kwenye waifai kweli?"

"Niko."

"Hebu tuone." Akaitazama simu. "Umeandika kwa nambari zetu."

"Ulitaka niandike kwa nambari za nani?"

"Simu yako iko kwa Kiarabu, inatoa nambari za Kiarabu. Ruta haizijui hizo. Inajua za Kizungu tu."

"Moja ni moja, Najwa."

"Kwako ni moja. Kwake ni mchoro." Akamnyang'anya simu, akabadilisha kibodi, akaandika. Ukurasa ukafunguka, na hapo Rifaat akavuta pumzi ya kwanza tangu aingie.

Ukurasa ukataka neno la siri. Hili si lile la waifai, ni lile la kumruhusu mwenye nyumba kuingia kwenye mipangilio. Rifaat akasema hilo halina shida, aliliandika. Akaipindua ruta. Chini yake kulikuwa na kipande cha plasta ya jeraha, na juu ya plasta mwandiko wake mwenyewe: jina lake kwa herufi za Kizungu, likifuatwa na duara, duara na nukta.

"Rifaat, sifuri, sifuri, nukta," akasoma.

Umekosea, ukurasa ukasema. Akajaribu kwa herufi kubwa. Umekosea. Akaitoa ile nukta, akidhani ni uchafu wa kalamu. Umekosea mara nyingi, ukasema, subiri kabla ya kujaribu tena. Na ukajifunga.

Kule chini tukasikia lori la viti limefika na wanaume wanayashusha mabomba ya hema. Rifaat aliweka ruta sakafuni, akaegemeza kichwa ukutani. Mimi nikakaa kwenye kochi, maana miguu yangu si ya kusimama.

"Alikuwa ananiamkia kila siku," akasema. "Kila siku, mama. Asubuhi ya kheri, Rifaat. Dalia hajambo? Mimi namjibu huku natazama viatu."

"Labda hakuliona," Najwa akasema. "Mtu mzima yule. Alijua kupiga na kupokea tu."

"Ndivyo ninavyojiambia. Hakuliona." Akajishika bega. "Leo nimembeba. Bega langu lilikuwa mbele upande wa kulia, na njia nzima nilikuwa nawaza kwamba kama hakuliona, basi Mungu amenisitiri. Mtu anabebwa kwenda kuzikwa, mimi nawaza sitara yangu."

"Ulipaswa kumwomba radhi," nikamwambia.

"Nilipaswa. Kila mwezi nilisema mwezi huu. Nikasema nitapanda Idi na sahani ya biskuti za kahki. Idi ilipofika nikamtuma Dalia na sahani, mimi sikupanda."

Hilo nilikuwa nalikumbuka. Sahani ilirudi imejaa machungwa, na mtoto akasema babu anawasalimu sana. Niliyala yale machungwa mimi, nikasema mzee ana moyo mweupe, kisha jioni nikamhadithia dada yangu kwenye simu lile jina, tukacheka wote wawili. Mtu mzima na nywele zangu hizi nyeupe. Nilijiona mchafu pale kwenye kochi, lakini nikanyamaza, nikamwacha Rifaat alie peke yake kwa kosa ambalo nilikuwa na fungu langu ndani yake.

Mlango ukabishwa. Nikafungua. Kijana wa kukodisha viti alikuwa amesimama na viti sita begani, anahema.

"Hajja, nimeambiwa vya ziada vinaingia nyumba namba tano. Ndiyo hii?"

"Huoni hapo mlangoni?"

Akarudi nyuma hatua moja, akatazama kibati chetu cha nambari. "Ndiyo. Tano."

Nyuma yangu nikasikia kitu kimeanguka. Rifaat alikuwa ameruka waya, amekuja mbio mpaka mlangoni, akampita yule kijana, akasimama kukitazama kibati kana kwamba kimebandikwa leo. Kibati chenyewe kimepakwa tano ya kwetu, na tano ya kwetu ni kiduara. Sifuri ya kwetu ndiyo nukta. Ni Wazungu ambao duara kwao ni sifuri.

"Tano, tano, sifuri," akasema. "Si sifuri, sifuri, nukta. Najwa, niliandika jina kwa Kizungu, mkono ukarudi kwao kwenye nambari."

"Hata mwandiko wako mwenyewe huujui," Najwa akamwambia, lakini alikuwa anatabasamu.

"Basi niviingize viti au kuna mgogoro wa nyumba?" kijana akauliza. Nikamwambia aviingize, avipange kuzunguka ukuta, asiguse televisheni yangu.

Ukurasa ukafunguka. Likatokea lile jina kwenye kisanduku chake, limekaa tu, Wa Nne Nunua Yako, kwa maandishi madogo yasiyo na haya. Rifaat akalifuta herufi moja moja.

"Niweke nini?"

"Weka Mungu Amrehemu Wajdi," Najwa akasema. "Watu watapenda."

"Sina uso huo," akasema. Akafikiri kidogo, kisha akaandika Rifaat, basi. Akahifadhi. Taa za ruta zikazimika zote, kisha zikawaka moja baada ya nyingine. Tukazitazama simu zetu sote watatu. Rifaat lipo, lile la zamani halipo.

"Limekwisha," akasema. Akainuka, akanawa uso, akachana nywele, akawa mtu tena. "Hakuna atakayejua, na yeye hakujua. Mungu ni mwenye kusitiri."

Nami nikasema amina, kwa moyo wangu wote. Sitajifanya kwamba nilimfikiria marehemu wakati ule. Nilifikiria aibu iliyotupita mlangoni bila kuingia, nikashukuru.

Baada ya magharibi msomaji akaanza kule chini, sauti inapanda kwenye kipaza mpaka kwetu. Nilipanda ghorofa ya nne nimeshika ukuta, Najwa nyuma yangu na sinia la chakula. Sebule ilikuwa imejaa wanawake waliovaa nguo nyeusi tii, kahawa chungu inazunguka. Mama Tamim amekaa kwenye kona ya kochi, mdogo kuliko siku zote. Nikambusu, nikamwambia pole, akanishika mkono hakuuachia, nikakaa karibu naye.

Rifaat akakohoa mlangoni ili wanawake wajue mwanamume anaingia, kisha akaja ameinamisha macho. "Mama Tamim, nimekuja kukufungulia. Nipe simu ya Ustadh, niiunganishe."

Akaitoa simu chini ya shungi lake. Lakini hakumpa. Aliifungua mwenyewe, kwa kidole kimoja, pale pale kwenye orodha ya mitandao, kama mtu aliyeona mwenzake akifanya hivyo mara nyingi. Akaitazama, akaisogeza karibu na macho.

"Limebadilika," akasema.

"Nini, Mama Tamim?" Rifaat akauliza, na mimi niliyekaa karibu niliona rangi inamtoka.

"Jina lako." Aliongea kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, nadhani ni mimi na Rifaat tu tuliomsikia. "Marehemu kila asubuhi kabla ya chai alikuwa anafungua hapa kuangalia. Mimi namwuliza, vipi? Ananiambia, bado."

Rifaat akainua macho akamtazama.

"Nilimwambia ashuke aongee nawe. Akakataa. Akasema, nikishuka nitamtia aibu mbele ya mkewe na mama mkwe wake. Rifaat si mtu mbaya, amekasirika tu, siku moja atalitoa mwenyewe. Siku atakayolitoa nitashuka na sahani ya keki ya basbusa ninywe naye chai, na wala sitalitaja." Akaigusa simu tena, kama anahakikisha. "Hata jana asubuhi aliangalia."

"Na Tamim?" Rifaat akauliza. "Alikuwa anaongeaje na Tamim?"

"Alikuwa anashuka mkahawani. Anasema kule anasikia vizuri." Akamnyooshea simu. "Ingiza neno la siri, mwanangu. Mtoto anangoja."

Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya mkono wake. Nilitaka kuutoa, nikaona haya kuutoa. Alikuwa ametaja mama mkwe wake, yaani mimi, marehemu alikuwa ananihurumia mimi na kicheko changu, na mwanamke huyu amelijua hilo mwaka mzima na bado amenishika.

Rifaat aliingiza neno la siri, akakosea, akaingiza tena. Simu ikalia. Uso wa Tamim ukajaa kwenye kioo, ndevu hazijanyolewa, macho mekundu, nyuma yake dirisha la mchana wa nchi ya watu. Mama yake alishindwa kuishika, mikono ilikuwa haimtii. Ikabidi Rifaat amshikie. Akamwonyesha mama yake kwanza, akampitisha kwa wanawake waliokaa, kisha akatoka naye mpaka roshani akaielekeza simu chini, kwenye hema, kwenye safu za wanaume na yule msomaji.

"Kaka Rifaat," tukamsikia Tamim anasema, "Mungu akulipe. Baba hakuwa na jirani kama wewe."

Rifaat aliisogeza simu mbele zaidi, juu ya hema. Alibaki amesimama pale, mkono umenyooka, msomaji anasoma, na machozi yanamtiririka mpaka shingoni bila kuyafuta, maana mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeshika chuma cha roshani. Alisimama hivyo mpaka usomaji ukaisha.

Wanawake wakaanza kugusana. "Tazama jirani," mmoja akasema. "Hata ndugu wa damu halii hivi." Mwingine, mgeni nisiyemjua, akaniinamia sikioni. "Hajja, huyu ni mkweo? Alikuwa rafiki sana wa marehemu?"

Mama Tamim alikuwa ananitazama. Alinibinya mkono kidogo, nikaelewa ananiruhusu kumsitiri. Nikamwambia yule mgeni ndiyo, walikuwa marafiki sana, nikainamia kikombe changu cha kahawa.